Sungura wa Mzunguko wa Kumi na Tano

Beltsville, Maryland
12 Oktoba 1997

Kaka Anatoli, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta na afya, pamoja na Mama na ng'ombe wako ambao sijawahi kuambiwa idadi yao. Mimi sijambo. Majani ya miti huku yamegeuka rangi na baridi imeanza kuninyemelea miguuni. Elieth, yule dada wa Singida ninayekaa naye, anakusalimu. Anatunza wagonjwa katika mji wa Columbia, na kila nikipata barua yako anakaa kitandani kwangu nimsomee, eti unaandika vizuri kuliko redio.

Sasa nikupe habari ambayo utasema nimetia chumvi. Hapa Beltsville serikali ina mashamba ya utafiti, na basi langu la kwenda kazini linapita kando ya uzio wake. Wiki iliyopita waliruhusu watu waingie kutazama. Kaka, nimemwona ng'ombe mwenye dirisha. Wamemtoboa ubavuni na kumwekea kifuniko cha mpira. Mtaalamu anakifungua, anatia mkono mpaka kiwikoni na kutoa nyasi alizokula asubuhi, na ng'ombe mwenyewe anaendelea kucheua kama hakuna kitu. Hana jina, ana namba sikioni. Nilimuuliza mtaalamu rangi ile wanaiitaje, akasema nyeusi na nyeupe, basi. Nilimhurumia, huyo mtaalamu, maana kwetu kila rangi ya ng'ombe ina jina lake.

Kuhusu Krismasi, mwaka huu sitaweza kuja. Kazi zimebana sana. Mwambie Mama nitamtumia picha.

Mdogo wako,
Adela


Gisambe
30 Novemba 1997

Mdogo wangu Adela, marahaba.

Tupo, ila tumelowa. Hii mvua wanayoiita El Nino imeondoka na daraja, na barua yako ililala mjini wiki tatu. Wanaokusalimu ni wengi mno, nitawaandika wachache: padre, Edna jirani yetu, mwalimu Nehemiah, na wafugaji wote wa kisimani, ambao bado wanakuita nesi wetu. Ng'ombe wako wa dirisha nimewasimulia. Nehemiah alifikiri kidogo, akauliza mvua kama hii ikinyesha nani anakwenda kumfungia. Wanakuomba jibu.

Mama ameteleza mlangoni na kuvunjika nyonga. Daktari wa misheni anasema mfupa ni wa kizee, hautaunga. Analala tu. Kila mwanamke anayeingia chumbani anamwita Adela, na Edna amekwisha kuzoea kuitika.

Jambo jingine ni kwamba mbunge wetu alifariki kwa ajali mwezi uliopita, na kutakuwa na uchaguzi mdogo. Wafugaji walikuja nyumbani wakasimama uani kwenye mvua, wakakataa kuingia ndani mpaka niseme nitagombea. Udiwani wenyewe nina miaka mitatu tu, lakini wanachoogopa nakijua. Kuna watu wanaitaka mbuga ya Gisambe iwe shamba la ngano, na ikienda hiyo, kiangazi hatuna pa kupeleka mnyama hata mmoja. Nimekubali.

Njoo, Adela, hata kwa wiki mbili. Mama anakutaka wewe, hataki picha.

Kaka yako,
Anatoli


Beltsville
11 Januari 1998

Kaka Anatoli, shikamoo.

Pole na mvua, pole na Mama. Barua yako imefika jana na nimelia mpaka Elieth akanipikia uji kama mgonjwa. Mwambie Mama nampenda. Umwambie karibu na sikio, na uniite kwa jina langu la nyumbani.

Habari ya kugombea imenifurahisha. Bado nakumbuka Mama alivyonieleza kampeni ya udiwani, jinsi ulivyozunguka kata nzima kwa mbio, na wenzako kwenye gari wakikwama matopeni. Wewe hukuchaguliwa kwa hotuba, ulichaguliwa kwa sababu wapinzani walishindwa kukufikia. Mwambie Nehemiah kifuniko kile kinabana, hakivuji.

Ila kuja, kaka, kwa sasa ni vigumu. Bibi ninayemtunza hana mtu mwingine wa kumwosha, na nikiondoka watamweka mgeni. Labda mwezi wa sita, tuone.

Adela


Gisambe
22 Februari 1998

Adela,

Salamu zimo lakini ni fupi kwa sababu nina hasira. Juzi Mama alimshika Edna mkono, akamwambia, Adela umekonda. Wewe unaniandikia habari za kumwosha mama wa watu. Huyo ana nchi nzima ya kumwosha. Huyu ana binti mmoja. Sitakuomba tena.

Nikiisha kusema hayo, sina mtu mwingine wa kumwambia yanayofuata.

Alikuja Kalisti, yule mliyesoma naye darasa la saba. Sasa ana maghala mjini na mkono wake unafika Dar es Salaam. Wakubwa wa chama wanamtaka yeye awe mbunge, lakini wanajua wafugaji hawatampa kura. Wanachotaka ni hiki: niingie kwenye kura za maoni, niwakusanye wafugaji wote nyuma yangu asije akatokea mwingine wa kuwasemea, kisha siku ya mkutano wenyewe nisimame niseme najitoa na kumwachia yeye. Baada ya hapo mbuga inakuwa ngano, ingawa hilo alilisema kwa kuzungukazunguka. Nilimjibu nitafikiri. Nilipaswa kumfukuza.

Nikueleze kwa nini sikumfukuza. Zile mbio za mita elfu kumi za mwaka 1979 kule Ulaya, ambazo Baba alizisikiliza redioni, nilitoka mzunguko wa kumi na tano kati ya ishirini na tano. Nyumbani nilisema mguu ulikaza. Haukukaza. Nilikuwa sungura. Ndivyo wakimbiaji wanavyomwita mtu anayewekwa mbele avute kasi, ili mwenye mbio zake apate muda mzuri, halafu yeye atoke pembeni. Waandaaji walinielekeza asubuhi ile na kuniahidi kwamba mbio nyingine zingekuwa zangu. Hazikuja. Kwenye mzunguko huo nilikuwa naongoza kwa hatua thelathini, na pumzi nilikuwa nayo tele. Nikatoka. Niliporudi, Baba alinichua mguu huu mzima kwa mafuta ya kondoo kila jioni, mwezi wote, na mimi nikamwacha achue. Amekufa akiamini habari za mguu.

Kalisti alipokuwa akizungumza niliona aibu ileile, na aliyezoea kutii hutii hata kabla hajafikiri. Sitaki kutoka tena, mdogo wangu. Niandikie uniambie nisitoke.

Anatoli


Beltsville
15 Machi 1998

Kaka Anatoli, shikamoo.

Usitoke. Nimeanza na hilo ili hata barua ikilowa ulisome. Simama mpaka kura ya mwisho, na ukishindwa, ushindwe ukiwa ndani. Habari ya Baba na yale mafuta imeniuma sana, lakini sikulaumu. Ulikuwa kijana na uliambiwa na wakubwa.

Kwa kuwa umenieleza lako, nami nikueleze langu. Sichelewi kuja kwa sababu ya kazi. Siwezi kuja. Yule bosi aliyenileta mwaka 1991 nilee watoto wake alichukua pasi yangu ya kusafiria siku ya kwanza, akasema ataitunza. Shule ya unesi aliyoahidi sikuiona. Nilipomtoroka baada ya miaka miwili, alihama nchi, na pasi akaondoka nayo. Muda wangu wa kukaa hapa ulikwisha zamani. Ili nipate pasi nyingine, ubalozini wanataka uthibitisho kutoka nyumbani kwamba mimi ndiye mimi. Nimeandika mara tatu na mara tatu faili halijaonekana. Bila pasi sipandi ndege yoyote. Kila unaponiambia njoo, mimi natafuta uongo mpya, na sasa umeniishia.

Mama namwota akiwa na miguu mizima. Naogopa atakufa akidhani sikutaka.

Nakuomba kitu kimoja, kaka, usimwambie mtu. Usiwaambie hasa wale wa kisimani. Walinichinjia fahali wawili siku naondoka, wakijua nakwenda kusomea unesi. Nitawatazama kwa uso gani? Nifichie hili.

Adela


Gisambe
19 Aprili 1998

Mdogo wangu Adela, marahaba.

Mvua imepungua na majani ni marefu, ng'ombe wamenona mpaka wanatembea kwa maringo. Padre, Edna na Nehemiah wanakusalimu. Mama anakunywa maziwa kidogo asubuhi. Lako nimelificha kama ulivyotaka.

Padre amenipa cheti chako cha ubatizo. Je, unaikumbuka namba ya ile pasi ya zamani? Iandike, pamoja na jina kama lilivyokuwa ndani yake. Usiniulize maswali, wewe jibu tu.

Mkutano wa kura za maoni ni Jumamosi tarehe 9 Mei.

Anatoli


Beltsville
8 Mei 1998

Kaka Anatoli, shikamoo.

Barua yako imefika leo Ijumaa, na mkutano wenu ni kesho. Nimejaribu kupiga simu misheni tangu nilipoifungua, laini imekufa. Kwa hiyo naandika nikijua hutasoma kwa wakati.

Nani anafuatilia pasi yangu? Wewe huna mtu Dar es Salaam. Katika barua yako yote hukutaja kura isipokuwa tarehe. Hukutaja Kalisti. Hukusema utasimama. Kama ni yeye aliyekuahidi, mrudishie ahadi yake. Mimi nimekaa miaka saba, naweza kukaa mingine. Usinitolee mbuga ya watu.

Elieth anasema nimekuwa nikizungumza peke yangu jikoni. Ni kweli.

Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii, pamoja na jina.

Adela


Gisambe
24 Mei 1998

Mdogo wangu Adela, marahaba.

Kaa chini kwanza, na Elieth awe karibu.

Mama alifariki Jumanne tarehe 12, asubuhi, na tulimzika Jumamosi pembeni ya Baba. Watu walijaa. Padre alitaja jina lako kwenye misa.

Jumamosi iliyotangulia, mkutanoni, nilisimama nikasema najitoa na kwamba namwachia Kalisti. Nilisema afya hainiruhusu. Nehemiah alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliinuka, akaniangalia, akatoka nje bila kupiga kura, na wafugaji wengi wakamfuata. Kalisti alipita.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa Mama nikamwambia Adela anakuja. Akaniuliza umefika wapi. Nikamwambia umekwisha kupanda ndege. Jumapili akauliza tena, nikamwambia uko Dar es Salaam. Jumatatu nikamwambia uko Arusha. Akaomba Edna amsuke nywele, akasukwa. Kwa hiyo lile la kufa akidhani hukutaka, liondoe moyoni.

Barua yako ya kunikataza ilifika juzi. Namba nilimpelekea Kalisti siku hiyohiyo. Nilikwisha kujitoa, na Mama alikwisha kuzikwa, nikaona angalau pasi uipate.

Anatoli


Beltsville
21 Juni 1998

Kaka Anatoli, shikamoo.

Nimekaa siku tano na barua yako kabla ya kuweza kushika kalamu. Tumesali rozari kwa ajili ya Mama, mimi na Elieth na Watanzania wachache wa hapa, na mama mmoja Mkenya aliyetuletea chakula ingawa hatujuani. Nakushukuru kwa kumfikisha Mama Arusha pamoja nami. Sehemu hiyo naisoma kila siku.

Alhamisi niliitwa ubalozini kuchukua pasi. Mhudumu aliyenipa alikuwa mpole, akaniambia, "Hongera, dada. Naona una watu wazito nyumbani." Nilisaini nikatoka, nikapitwa na basi langu nikiwa nimesimama palepale kituoni nikiitazama picha yangu.

Nina hasira na wewe, kaka, na nitaisema yote. Hukuniuliza. Ulijua siwezi kuja, ukaamua, na mimi nikaja kuambiwa. Ndivyo walivyokufanyia wewe kule Ulaya, ila wewe angalau ulielekezwa asubuhi. Umewanyima watu malisho kwa ajili ya binti mmoja aliyewadanganya kwamba ni nesi.

Halafu nikiisha kukukasirikia wewe naanza kujikasirikia mwenyewe. Kwenye barua ileile ya kukukataza, nyuma yake, niliandika namba. Nilitaka uache, na nilitaka pasi, na vyote viwili nikavitia kwenye bahasha moja. Ningekuwa nataka uache kweli, ile karatasi ingekuja tupu.

Niambie habari za mbuga. Niambie watu wanasemaje. Usinifiche.

Adela


Gisambe
12 Julai 1998

Adela,

Safari hii sina salamu za kukuletea, maana hakuna aliyenituma.

Mbuga imepimwa. Vigingi vyekundu vimeanzia mtoni vikafika mlimani, na mlinzi yupo. Ng'ombe wangu nimewagawa, wengine nimewapeleka mbali kwa watu wa bonde la pili. Udiwani nimejiuzulu kabla hawajaniambia. Nikifika kisimani wananipisha ninyweshe kwanza kama mgeni, halafu wananipa mgongo mpaka niondoke. Wanasema nilinunuliwa, na kila mtu ana bei yake anayoitaja.

Wiki iliyopita Nehemiah alinisubiri njiani. Hakugomba. Aliniuliza, "Anatoli, hebu niambie mimi tu. Walikupa nini?" Nikamwangalia, nikashindwa kumjibu, kwa sababu uliniomba nifiche. Akaondoka. Tulikuwa tukisalimiana kila siku tangu tukiwa wadogo.

Sisemi haya ili ujilaumu. Ningerudishwa siku ile ningejitoa tena, na hilo ndilo linalonitisha. Ila sasa Mama hayupo, na nyumba hii watu wanaipita pembeni. Usije. Baki huko na kazi yako, utunze hiyo pasi, siku moja itakufaa. Mimi nitazoea.

Anatoli


Beltsville
2 Agosti 1998

Kaka Anatoli,

Nimekata tiketi. Naondoka uwanja wa Dulles Jumatano tarehe 19 mwezi huu. Huenda nikafika kabla ya barua hii, na ikiwa hivyo utaisoma nikiwa nimekaa mbele yako.

Elieth amenisihi wiki nzima. Jana alikaa na mimi jikoni akanishika mikono yote miwili, akasema, "Adela, ukishatoka hawakurudishi. Ten years, miaka kumi hukanyagi hapa. Huna green card, huna kibali chochote. Unakwenda kufanya nini, na mama ameshazikwa?" Nilimjibu kwamba nina kaka. Akalia, akaanza kunikunjia nguo. Bibi ninayemtunza nilimuaga leo. Hanikumbuki vizuri, lakini alinishika kidole akakataa kukiachia, na mimi nikamlilia Mama pale, kwa mara ya kwanza kwa sauti.

Uliniambia nisije, na mimi sikutii. Umenilipia safari hii kwa kitu ambacho hakikuwa chako peke yako, kaka, na mimi niliipokea. Siwezi kukaa Beltsville nimeifungia pasi kabatini huku watu wakikupisha kisimani kama mgeni. Mbuga sina uwezo wa kuirudisha. Vigingi sitaving'oa. Ila ile siri ilikuwa yangu, na leo nakutua mzigo wake.

Ukipata barua hii kabla yangu usimwambie mtu lolote. Niachie mimi. Nitakwenda kwanza kwenye kaburi la Mama. Jumamosi ya tarehe 29 ni mnada wa ng'ombe, na wafugaji watakuwepo wote. Utanisindikiza, usibaki nyumbani. Nitawaambia mimi si nesi na sijawahi kuwa, na kwamba fahali wale wawili waliliwa bure. Halafu nitamtafuta Nehemiah nimwonyeshe pasi, aishike kwa mkono wake, afungue atazame picha. Aliuliza walikupa nini. Nitamjibu mbele ya watu kwamba walikupa mdogo wako, na hata huyo alifika amechelewa.

Adela